Marehemu Etienne Vautrin na Kigoda cha Mzee Sakaya

Wasifu huu umesomwa na shemeji yake, Elinaza Sakaya
Sekei, Arusha, 11 Agosti 1953

Marehemu Etienne Vautrin, ambaye wengi walioshindwa kulitamka jina lake walimwita Bwana Viti, alizaliwa tarehe 3 Machi 1897 katika mji wa Nancy, Ufaransa. Baba yake alikuwa seremala. Alisomea ubunifu wa samani huko Paris, masomo yakakatizwa na vita, na vitani akavuta hewa ya sumu iliyomwachia kifua kibovu.

Baada ya vita alibuni samani na kupamba nyumba za matajiri wa Paris. Mwaka 1932 aliitwa Arusha kupamba nyumba ya mlowezi mmoja, akaupenda mlima, asirudi tena kwao. Pamoja na fundi Balwant Singh alifungua karakana mjini, na nyumba nyingi za Wazungu wa hapa zilipita mikononi mwake. Hakujua kuingia kwa mtu akakaa tu kama watu. Lazima kwanza akigeuze kiti miguu juu, akague kilivyoungwa. Siku moja alikigeuza cha padri, na padri akabaki amesimama na kikombe chake cha chai mpaka ukaguzi ukaisha.

Tarehe 18 Julai 1936 alifunga ndoa na Anyesi, binti wa Mzee Sakaya wa Terrat. Alipokwenda kuposa, Mzee aliinuka akampisha kwenye kigoda chake mwenyewe, ambacho hata wanawe hawakuthubutu kukikalia. Etienne hakuelewa uzito wa heshima ile. Aliona uzuri tu: miguu mitatu, gogo moja, bila kiungo. Akarudi karakana, akachonga vingine vya mfano ule, akawauzia mabibi wa Kizungu.

Mwaka 1938 Mzee alipeleka ng'ombe kwa mlowezi, akamkuta mke wa mlowezi huyo barazani, ameweka viatu juu ya kigoda cha mfano ule. Alitembea moja kwa moja mpaka Sekei, nyumbani kwa binti yake.

"Nilimpa kiti changu," alimwambia binti yake mlangoni. "Yeye amekifanya pa kuwekea viatu."

Marehemu alipiga magoti. "Baba, nisamehe. Sikujua."

"Virudi vyote. Kikibaki hata kimoja, usije kwangu, wala mimi sitakuja kwako."

Majuto ni mjukuu. Alizunguka shamba kwa shamba akivikomboa kwa viti vizuri zaidi, na kila alichokipata alikichoma. Kimoja kilikuwa kimekwenda Uingereza na mwenyewe aliyekinunua, hakikupatikana. Balwant alimsihi, "Chonga kingine, Mzee atajuaje?" Marehemu alikataa kumkosea mkwewe mara ya pili. Mzee naye aling'ang'ania neno lake kama kupe.

Mwaka 1939 alizaliwa Aikande, mtoto wao wa pekee. Kwa desturi yetu babu humtemea mjukuu mate ya baraka. Mzee hakuja. Surua ilimchukua Aikande tarehe 2 Mei 1943, na baba yake alimtengenezea jeneza mwenyewe, akalipiga randa bila kukoma mpaka Anyesi akamnyang'anya randa. Hakuna aliyetamka habari ya mate yale, lakini kila mtu Sekei aliyawaza, na inauma mpaka leo.

Tangu 1951 kifua kilimzidi. Mwezi uliopita, aliposhindwa hata kulala chali, Anyesi alikwenda Terrat.

"Shikamoo, baba. Anakufa. Njoo umwambie neno moja tu."

"Kimerudi?"

"Hakijarudi."

Mzee hakuinuka kwenye kigoda chake. Etienne alifariki Jumapili, tarehe 9 Agosti, alfajiri, akiwa ameegemea kiti alichojitengenezea. Macho yake yalikuwa yameelekea mlangoni.

Ameacha mjane, Anyesi. Dada mmoja, Ufaransa. Rafiki yake Balwant. Na baba mkwe, Mzee Sakaya. Mzee alifika jana jioni, amebeba kigoda chake begani. Alilitemea jeneza mate ya baraka. Kisha akalitemea tena, akasema, "Na haya ni ya mtoto." Akakiweka kigoda kichwani pa jeneza, yeye akakaa chini, kwenye vumbi. Hakuna aliyethubutu kumwinua.

Keti, Etienne. Kiti ni chako. Upumzike kwa amani.