Faili Tupu na Taa za Kijani

Benchi la kijiweni lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, na wenyeji wote walijua tofali liko upande gani. Asubuhi ile walikuwa wameketi wawili: Spana, fundi baiskeli, na Mzee Nukta, karani mstaafu mwenye methali kwa kila jambo, ingawa mara nyingi ilikuwa ya jambo jingine. Mama Sukari alikuwa akiwamiminia kahawa, mwanawe mgongoni, kadi ya kliniki kifuani, kwa kuwa saa tano alitakiwa kumpeleka chanjo. Mara akatoka Kibodi, binti wa ofisi ya kompyuta iliyo ng'ambo ya barabara, macho yamemtoka pima. Mama Sukari alimpa kikombe, akamwongezea sukari bila kuombwa.

— Vipi dada, umefukuzwa? Spana akauliza.

— Afadhali ningefukuzwa! Mnajua tunachotengeneza pale? Programu inayofunga mfumo mzima wa kompyuta ndani ya faili moja. Ukiliweka kwenye mashine, mashine inaamka na kufanya kazi.

— Kama mbegu, akasema Mama Sukari.

— Kama mbegu, mama. Sasa kila tukitengeneza faili, kuna majaribio mia nne yanajiendesha yenyewe kulikagua. Likiwa zima, taa ya kijani. Likiwa bovu, nyekundu. Nimepewa kazi ya kuyaandika upya kwa sababu yanakawia. Leo nikasema niyatege: nikayapa faili tupu. Halina hata herufi moja.

— Yakalikataa.

— Kijani! Yote mia nne, kijani!

Mzee Nukta akaweka kikombe chini polepole.

— Lahaula! Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Mzee, hapo kibaba kimeingiaje?

— Mia nne, Spana. Si haba hiyo?

Kibodi hakucheka.

— Jaribio lilitakiwa lilinganishe faili jipya na faili zuri tulilolitunza. Kumbe linatoa nakala ya faili jipya, halafu linalilinganisha faili hilo na nakala yake lenyewe!

— Yaani unampima mtu urefu kwa kumsimamisha mbele ya kioo, akasema Mama Sukari.

— Hivyo hivyo.

— Nani kaandika upuuzi huo? Spana akafoka.

— Mimi. Wiki yangu ya kwanza kazini, miaka miwili iliyopita.

Mama Sukari alimwangalia Spana, maana yule hakuwahi kuachia aibu ya mtu ipite bila kicheko. Lakini Spana alisogea tu, akakaa upande wa tofali, ili Kibodi apate pale palipo imara.

— Na saa nne hii faili jipya linakwenda kwenye mashine za kliniki ya watoto, Kibodi akaendelea. Kadi zote zimo humo, chanjo zote.

Mama Sukari aligusa kadi kifuani.

— Mimi nasema mashine imechoka, akasema Spana. Hata mimi mteja akinisumbua sana namwambia breki ziko sawa.

— Spana! Breki zangu ulizishika juzi!

— Zako niliziangalia kweli, Mzee. Nasema wengine.

— Basi mimi naona zaidi ya hapo. Taa zote za kijani duniani zimekubaliana. Ya barabarani, ya jokofu, ya chaja. Ulishaona moja ikimsaliti mwenzake? Umoja ni nguvu!

— Hata mizani ya kliniki ina taa ya kijani, Mama Sukari akasema kwa sauti ndogo. Mwaka mzima inaniambia mwanangu ananenepa.

Wote wakamgeukia mtoto, wakamkagua mashavu. Mzee Nukta alimfinya kidogo.

— Huyu kanenepa kweli, mwanangu. Usiogope.

Hapo akafika mama mjamzito, mgeni, akaomba maji ya kumezea dawa. Spana akainuka kumpisha. Mgeni alikunywa huku akiwasikiliza wakibishania jokofu, kisha akamuuliza Kibodi:

— Samahani, mdogo wangu. Hilo faili la leo, mmeliweka kwenye mashine mkaona kama inaamka?

Mzee Nukta alifungua kinywa, akatafuta methali, akakosa. Kibodi akaweka kikombe benchini, akatazama saa. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

Akatoa simu, akapiga ofisini.

— Bosi? Zuia faili la kliniki, tafadhali. Hapana, taa ni za kijani. Ndiyo, zote... Sijui kama ni bovu, bosi. Ndiyo maana nakupigia: sijui, na aliyeandika majaribio yale ni mimi.

Akavuka barabara mbio. Mama Sukari akakifunika kikombe cha Kibodi kwa kisahani, kahawa isipoe.