Mpiga Tarumbeta Tuliyemwita Marehemu Miaka Tisa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo? Sogeeni karibu na redio, na leo mnivumilie. Maneno ya kufungulia kipindi hiki nimeyaandika mara tatu, na mara tatu nimechana karatasi. Mimi ambaye mke wangu husema naweza kuzungumza na ukuta mpaka ukachoka wenyewe, leo sijui nianzie wapi.

Basi nianze na lililo wazi. Mpiga tarumbeta tuliyemjua kwa jina la Mdomo amefariki dunia. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, nyumbani kwake. Narudia, Jumanne ya wiki iliyopita.

Najua kuna mtu sasa hivi ameweka kikombe mezani anasema, "Huyu mtangazaji vipi? Mdomo si alikufa zamani?" Ndiyo, msikilizaji wangu. Ulisikia alikufa zamani, na ulisikia kutoka kwangu. Kwa miaka tisa, kila nilipopiga muziki wake nilisema "marehemu Mdomo". Kwa miaka hiyo tisa yote Mdomo alikuwa hai, anakula, anafanya kazi, na redio yake iko wazi.

Sasa mnaelewa kwa nini nimechana karatasi.

Kwa walio wadogo, nieleze Mdomo ni nani. Ule mlio wa tarumbeta unaosikika kila siku kabla ya taarifa ya habari ya saa kumi na mbili asubuhi, ule unaopanda, unasita kidogo kama mtu anayetafuta viatu gizani, halafu unapanda tena, ule ni yeye. Alikuwa na miaka ishirini na minne alipourekodi, hapa hapa, studio ya chini. Bendi nzima ilimwita Mdomo kwa sababu ya tarumbeta, si kwa sababu ya maneno. Maneno hakuwa nayo. Mdogo wake, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ile ile, ameniambia, "Kaka ukimuuliza habari za asubuhi, jibu unalipata mchana."

Watu walimpenda, jamani. Mimi nilikuwa kijana, nikisimama nje ya ukumbi kwa sababu ndani kumejaa, na nje nako kumejaa. Alipopuliza kipande chake watu waliacha kucheza wakamtazama tu. Alikuwa anafumba macho na kukunja uso utadhani anatolewa mwiba. Nilimwiga mbele ya kioo mwaka mzima, bila tarumbeta, na mama yangu akaanza kuwa na wasiwasi na afya yangu.

Kisha ikaja ajali ya ngazi. Hii sikuijua mpaka Ijumaa iliyopita nilipokwenda kwa familia. Bendi ilikuwa inahamisha vyombo kutoka ukumbi wa ghorofani, mchana kweupe. Mdomo alishuka na tarumbeta yake, ameikumbatia kwa mikono miwili. Akakosea ngazi ya tatu kutoka chini. Mtu yeyote angeachia alichoshika ajikinge. Yeye hakuachia. Alianguka kifudifudi, uso ukakutana na saruji.

"Tarumbeta haikupata hata mkwaruzo," mdogo wake alinisimulia, ameshika tama. "Meno manne ya mbele, ya juu, yote chini. Tukayaokota. Sijui tuliyaokota ya nini."

Sasa wasikilizaji wapendwa, mpiga tarumbeta hupuliza kwa midomo, lakini midomo inaegemea meno. Meno ya mbele yakiondoka, pumzi inavuja pembeni na sauti haina pa kukaa. Alijaribu meno ya bandia. Yalimtoka jukwaani, kwenye wimbo wa pili, na watu wakacheka. Nadhani hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Mdomo akafuta tarumbeta kwa kitambaa, akaiweka ndani ya boksi lake, akashuka. Hakupanda jukwaa tena.

Akajifunza ufundi bati. Alipata chumba cha nyumba ya kona, akaweka meza chini ya dirisha, akawa anaziba sufuria zinazovuja, anaunganisha mikono ya makarai, anachomelea midomo ya mabirika. Majirani walimwita Fundi tu. Hawakujua kama Fundi ndiye anayewaamsha kila asubuhi, na yeye hakuwaambia.

Nimeingia kwenye chumba kile. Meza imeungua madoa madoa. Kuna koleo tatu zimepangwa kwa ukubwa, na redio imefungwa waya wa kuanikia nguo mahali pa antena. Mke wake, mjane sasa, aliniambia redio hiyo haikuwahi kutoka kwenye kituo chetu. Nilipolisikia hilo nilitamani sakafu inimeze.

Kosa lenyewe lilikwendaje? Nitawaeleza bila kuficha, maana kosa hili lingeweza kutokea kwetu tu. Hapa redioni tuna maktaba ya kanda. Zamani mtangazaji mmoja alimtakia mwimbaji apone haraka, kumbe mwimbaji kazikwa mwezi mzima. Familia ilikuja juu. Tangu siku hiyo mtunza maktaba akaweka utaratibu: mwanamuziki akifariki, boksi la kanda zake linabandikwa utepe mweusi ubavuni. Mtangazaji akivuta boksi, akiona utepe, anajua kusema marehemu. Ni utaratibu mzuri. Nimeusifu mara nyingi.

Miaka tisa iliyopita tulihamisha maktaba kutoka ghorofa ya pili kwenda ya kwanza. Boksi la Mdomo lilidondoka, likapasuka ubavuni. Mtunza maktaba alitafuta gundi, akakosa, akaomba utepe kwa fundi umeme wetu. Utepe wa fundi umeme, mnaujua rangi yake. Akaziba ufa. Mwezi uliofuata akastaafu. Wiki iliyofuata mimi nikavuta boksi.

Hiyo ndiyo habari yote. Sikumpigia mtu, sikuuliza. Nilisema "marehemu Mdomo" kwa sauti yangu ya huzuni, ile ninayoijua mwenyewe kwamba ni nzuri. Mara moja msikilizaji alipiga simu akasema, "Mtangazaji, mbona huyo mtu nimemwona sokoni juzi, kabeba mabati?" Nikacheka hewani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, labda umeona mdogo wake." Studio nzima ikacheka nami.

Fundi mitambo wangu hapa nyuma ya kioo ananiuliza kwa ishara kama aweke muziki. Sijui. Subiri kwanza, bwana. Niacheni nimalize.

Mdomo aliugua kifua siku mbili. Jumanne asubuhi aliomba chai, mke wake akaenda kuweka maji, na alipogeuka mume wake ameshakata roho. Siku hiyo hiyo mchana binti yao alikuja hapa redioni, ameshika tangazo la kifo alilolikunja mara nne. Mhudumu wetu wa mapokezi akatazama kwenye orodha yetu ya wanamuziki waliofariki. Akamwambia kwa adabu, "Dada, huyu alishafariki. Au unataka tangazo la kumbukumbu? Hayo ni dirisha la pili."

Binti aliniambia hivi, naye alikuwa ananitazama usoni: "Kaka, nilisimama pale na karatasi yangu. Baba bado hajaoshwa. Halafu nikajikuta namwomba yule dada radhi kwa usumbufu."

Tangazo halikusomwa. Waliomzika Mdomo walikuwa watu kumi na mmoja. Mtu aliyeamsha nchi nzima miaka thelathini, amezikwa na watu kumi na mmoja, pamoja na wachimbaji.

Kwa hiyo nilikwenda Ijumaa kuomba msamaha. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, mbele yangu mjane, binti na mdogo wa marehemu. Nikauliza swali ambalo halijaniacha nilale: kwa nini hakuja? Kutoka pale mpaka hapa redioni ni mitaa mitano. Kwa nini hakuja kusema mimi niko hai?

Mjane akacheka. Kweli alicheka, huku anafuta macho kwa upande wa kanga. "Mwanangu, siku ya kwanza alipokusikia alicheka mpaka akaweka chuma cha moto chini. Akaniita, 'Mke wangu, njoo usikie nimekufa.' Nikamwambia nenda ukawaambie. Akasema, 'Niende wapi? Mzima wanamuuliza kwa nini hapigi. Mtu aliyekufa haulizwi.' Basi. Kila ulipomsifu alikuwa anasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anaona raha."

Nilishusha pumzi. Lakini binti hakucheka.

"Mama hasemi yote," akasema. "Kwenye msiba alikuja mwalimu wa muziki, akijua anamzika Fundi tu. Miaka saba iliyopita shule yao ilipata tarumbeta sita, wakawa wanatafuta mtu wa kufundisha. Walimtaka baba. Wakaambiwa kafa, redio imesema. Kufundisha hakuhitaji meno, kaka. Baba angefundisha. Tarumbeta sita! Alikuwa amekaa hapa anaziba masufuria."

"Angekataa," mama akasema.

"Hatujui, mama. Hakuulizwa."

Nikamgeukia mdogo wake, mzee mpiga ngoma, nikitumaini atanisaidia. Yeye akawa anapiga vidole kwenye goti. Akasema, "Mimi nilimwambia twende wote redioni tukakutie adabu wewe. Alikubali. Tukavaa. Tukafika pale kona ya mtaa wa tatu, akasema kasahau kitu nyumbani. Akarudi. Sikumuuliza kasahau nini. Labda aliona haya. Labda alikuwa na hasira. Kaka yangu hata mimi sikumjua vizuri, na nimekaa nyuma yake jukwaani miaka kumi na minane nikitazama mgongo wake."

Sasa nishike lipi? Nimelichukua la mama, nikalala nalo siku moja, likaniliwaza. Kesho yake nikaamka na la binti, na chai haikushuka. La mdogo wake ndilo linanitesa zaidi, kwa sababu namwona mtu amevaa shati la kutokea, amefika mtaa wa tatu, amegeuka. Kichwa changu kimekuwa soko.

Na kuna jambo moja sijaiambia familia ile. Niliwaza niliseme au nilimeze. Nimeamua kulisema hapa, ili walisikie pamoja nanyi.

Mwaka jana birika letu la nyumbani lilivuja. Mke wangu akanielekeza kwa fundi mmoja wa nyumba ya kona, akisema ana mkono mzuri. Nikaenda. Nikamkuta mzee mwembamba, kajifunga aproni ya turubai, mdomo umeingia ndani kidogo. Nikamsalimia, "Shikamoo, mzee." Akapokea birika langu, akanitazama.

"Sauti yako naijua," akasema.

Nikafurahi! Wasikilizaji wapendwa, sisi watangazaji tuna ugonjwa huo. Nikajitambulisha, nikataja kipindi. Nikamuuliza kama anapenda muziki wa zamani. Akasema alikuwa anapenda. Nikamuuliza kipande gani kinamgusa. Akaanza kuziba birika, na mimi, kwa kuwa sipendi kimya, nikamweleza habari za marehemu Mdomo. Nilimweleza yeye mwenyewe. Nikamwambia hakuna atakayepuliza vile tena. Nikamwigia hata ule uso.

Alimaliza kazi, akajaza maji, akaligeuza birika huku na huku tukalitazama wote. Halikuvuja. Akanipa. Akasema, "Unamsema vizuri yule. Nilidhani watu wamemsahau."

Nikamwambia, "Mzee, hatuwezi kumsahau." Nikaondoka na birika langu, nimejaa furaha. Nilikuwa nimesimama naye uso kwa uso, nikampa sifa zote, nikashindwa kumuuliza jina.

Kwa mjane, kwa binti, kwa mzee wetu mpiga ngoma: poleni. Poleni kwa msiba, na poleni kwa miaka tisa niliyowafanya wafiwa kabla ya siku yake. Mungu awape subira, na mimi anipe uso wa kuja tena mlangoni kwenu. Mwalimu wa muziki, kama unanisikia, nisamehe na wewe.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kuna mtu mliyemshangilia zamani ambaye siku hizi mnamtaja kama amekwisha. Mwimbaji, mpiga gitaa, yeyote. Msiniulize mimi yuko wapi, maana mmeona ninavyojua. Nendeni mkabishe hodi. Akifungua, msimwombe aimbe. Msalimieni, mkae.

Binti wa Mdomo aliniachia ile karatasi yake iliyokunjwa mara nne. Aliomba kitu kimoja tu, isomwe kama matangazo mengine yanavyosomwa, kwa sauti ya kawaida, na niongeze sentensi moja aliyoiandika chini kwa kalamu nyingine. Nitajitahidi sauti iwe ya kawaida.

Tangazo la kifo. Familia inasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa, mpiga tarumbeta na fundi bati aliyeitwa Mdomo, kilichotokea siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nyumbani kwake. Habari ziwafikie mke wake, binti yake, mdogo wake, na wote waliomjua. Kabla ya Jumanne alikuwa hai.

Narudia. Kabla ya Jumanne alikuwa hai.