Wodi Imepoa, Mama Upepo Anapumzika

Tarehe thelathini mwezi huu, mkaguzi wetu wa majengo, ambaye mafundi wote wanamjua kwa jina la Mama Upepo, atarudisha funguo za ofisi na kustaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Wakandarasi kadhaa wameshanipigia simu kuuliza kama habari ni za kweli. Nimewathibitishia. Mmoja alishusha pumzi hadi nikamsikia, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeingiwa na wasiwasi, sasa ramani zake atamwonyesha nani.

Kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo tumekaa meza zinazotazamana, mimi nikipokea ramani, yeye akienda kuona kama kilichojengwa kinafanana nazo. Aliajiriwa akiwa msichana mwembamba mwenye diploma mpya ya ujenzi, akapewa kazi ya kukagua vyoo na ngazi za dharura. Kanuni za matumizi bora ya nishati katika majengo zilipotoka, kila mtu ofisini aliangalia pembeni. Kurasa zilikuwa nyingi, hesabu nyingi, na mafundi mitaani walishaanza kusema kwamba sasa ofisi inataka kuwapimia watu jasho. Yeye akanyoosha mkono. Tulimsifu kwa moyo wa kujitolea, hadi aliponieleza baadaye kwamba alikuwa amechoshwa na vyoo.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Akifika kiwanjani, salamu hazijaisha, anauliza upepo unaingilia wapi na jua linazamia wapi. Mkandarasi akijibu huku anatazama ramani badala ya kutazama juu, siku yake imeharibika. Mama Upepo alipenda kufika kabla msingi haujachimbwa, kwa sababu aliamini nusu ya kanuni hutimizwa kwa kamba na vigingi tu, bila kununua kitu: ukuta wenye vioo vingi usikabili jua la jioni, na kila dirisha lipate mwenzake upande wa pili ili hewa ipite. Yanayobaki ndiyo ya kuingia mfukoni kidogo. Paa lijitokeze lifunike madirisha, juu ya dari liwekwe tabaka la kuzuia joto la bati, na chumba chenye kiyoyozi kizibwe nyufa zote. Kuna mkandarasi aliyemwambia kwamba pazia zito linatosha. Alielezwa taratibu, kama anayefundishwa kufunga kamba za viatu, kwamba pazia linalikuta jua limeshaingia ndani.

Nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: hakuwa mpole. Kabla ya kutia saini kibali cha kutumia jengo, alimtaka mkandarasi aje saa nane mchana, siku ya jua kali, wakae wote wawili katika chumba kibaya kuliko vyote, feni imezimwa. Hakuna kanuni inayosema hivyo, na mwenyewe alikiri. Vipimo vilikuwa vimeshachukuliwa. Kikao kilikuwa cha kutiana adabu. Wapo waliolegeza tai mapema, na wapo waliokumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa nyumbani. Mume wake, mtu wa utani, anadai hata kitanda chao kimehamishwa kila pembe ya chumba, kwa sababu hata nyumbani anafanya vikao hivyo.

Mwaka wa mwisho nusura umharibie kila kitu.

Kituo cha afya kilikuwa kinajengewa wodi ya wazazi. Wodi ya zamani ni chumba cha bati kisicho na dari. Kina mama walijipepea na vifuniko vya maboksi, na watoto wachanga walitoka na vipele vya joto mgongo mzima. Ramani ya wodi mpya ilikuwa safi, tukaipitisha kwa furaha. Kazi akapewa mkandarasi tunayemwita Fasta, mwepesi wa kazi na mwepesi zaidi wa kujibu. Wiki ya kupiga vigingi Mama Upepo alikuwa likizo akimuuguza mama yake, na ofisi haikuwa na mkaguzi mwingine wa kumtuma. Fasta akafika kiwanjani akaona kwamba ramani imeweka ukuta mtupu upande wa barabara, ambako jua linazama, na mlango mkubwa pamoja na safu ya madirisha ya vioo viko nyuma. Akaona aibu kwa niaba ya wodi. Jengo zuri namna ile litaipaje barabara kisogo? Akaigeuza ramani, akachimba.

Mama Upepo aliporudi, kuta zilikuwa zimefika usawa wa lenta, juu ya madirisha, na madirisha yote yanalingoja jua la jioni. Alikaa juu ya rundo la matofali, akayahesabu madirisha moja baada ya jingine. Fasta anasema angetukanwa ingekuwa nafuu.

Kubomoa kusingewezekana, bajeti ilikuwa imekwisha, na wodi ikibomolewa isingejengwa tena. Kuipitisha ilivyo kulikuwa kuwatoa kina mama kwenye tanuri la bati na kuwaingiza kwenye tanuri la vioo, pamoja na viyoyozi ambavyo kituo kisingeweza kuvilipia umeme. Wakubwa walitaka ufunguzi. Walikuja ofisini kwetu kwa tabasamu, wakamkumbusha kwamba anastaafu, ya nini kujisumbua. Alijua akiiacha vile, atakayerithi meza yake atasukumwa asaini siku ya kwanza. Alikonda. Mimi niliogopa, na sioni haya kulisema.

Ndipo akamwita Fasta na kumfungulia kifungu ambacho wajenzi wengi hawakifikii, kwa kuwa kiko mwishoni: aliyekosa sharti moja anaweza kulifidia kwa mengine, mradi aonyeshe kwa hesabu kwamba jengo zima halitaingiza joto zaidi kuliko lile lililofuata kila sharti. Wakakaa na hesabu hizo kila Jumamosi. Nusu ya vioo wakaipangia matofali ya matundu, wakaongeza baraza pana, wakapanga kupaka paa rangi nyeupe na kuacha matundu ya kutolea hewa moto juu ya kuta. Fasta alinung'unika kwamba yeye ni mjenzi, si mwalimu wa hesabu. Baada ya wiki chache akawa anamsahihisha Mama Upepo upana wa baraza. Hata hivyo hesabu ilikataa. Wakaongeza tabaka juu ya dari, ikakataa tena. Kilichokuwa kimebaki ni mlango mkubwa wa vioo ulioitazama barabara, fahari ya Fasta, uliomfanya aigeuze ramani. Akaufuta mwenyewe kwa kalamu yake, akaweka wa mbao. Hesabu ikakubali.

Mwezi uliopita, wodi ilipokamilika, tulikwenda kukaa: yeye, Fasta, muuguzi mkuu na mimi. Jua lilikuwa la kupasua mawe. Tulikaa kwenye vitanda vipya, tukisubiri jasho. Badala ya jasho tukasikia mkoromo. Fasta alikuwa amelala chali, viatu miguuni, mdomo wazi. Muuguzi mkuu akatuwekea kidole mdomoni kama tuko na wazazi wa kweli. Mama Upepo akasaini kibali juu ya goti lake, polepole, karatasi isije ikamwamsha. Tulipofika nje alilia kidogo, kilio cha mtu aliyetua mzigo, nami nikamsindikiza kwa machozi.

Wodi imefunguliwa. Muuguzi mkuu ana lalamiko moja: mzazi akiruhusiwa kurudi nyumbani, anaomba kwanza alale kidogo.

Kwa niaba ya ofisi nzima, na ya wakandarasi uliowatoa jasho, ahsante sana. Nenda salama, dada yetu, Mungu akupe afya na siku nyingi za raha. Kina mama walioko wodini leo hawakujui, wala hawana haja ya kukujua. Wamelala, na watoto wao wamelala.