Mkufu wa Birika ni wa Nani?

Kwenye ile kona, kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya kuchomelea, lipo benchi refu la mbao nyeusi ambalo limeng'arishwa na makalio ya watu kuliko rangi yoyote. Asubuhi mpaka alasiri halikosi wanaume. Mbele yake, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, anakaa Bibi Birika na jiko lake la mkaa, na mdomo wake usiohitaji mkaa kuwaka. Yeye kwenye benchi hakai. Ukimwuliza, atakwambia limejaa wavivu. Lakini hata likiwa tupu hakai, na kwa nini, hata mwenyewe hajui. Siku hiyo alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani na kusugua birika mpaka likaona haya, maana mtu wa ofisi ya uvumbuzi alikuwa anakuja kuuliza habari za mkufu.

Huo mkufu usiufikirie dhahabu. Ni pete ya bati inayovikwa kwenye shingo ya birika, ndani imeshindiliwa majivu yaliyochekechwa, na ina matundu mawili, moja chini, moja juu. Kahawa haipoi upesi, na ikikaribia kufurika mkufu unavuma, uuuu, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Bibi aliubuni mwenyewe siku alizokuwa hana mikono ya kuosha vikombe na kulinda birika kwa wakati mmoja. Fundi Cheche, yule mchomeleaji, alilehemu tu ile pete ya kwanza. Siku hizi anauza mikufu mtaa mzima, na kila mmoja umegongwa majina yake matatu. Sasa kiwanda kilitaka kuitengeneza kwa wingi, na ofisi ilitaka kujua upya nani aliyeianzisha. Bibi alikuwa ameazimia. Leo atasema.

Kinyozi ndiye aliyeanza, maana kinyozi huyu akikosa kichwa cha kunyoa hunyoa habari.

— Mmesikia redioni? Wamepekua maombi ya hataza, nchi moja baada ya nyingine.

— Hataza ndiyo mnyama gani? aliuliza Fundi Cheche, ingawa alikuwa nayo.

— Si ile haki ya kusema kitu hiki kakivumbua fulani, wengine wasikiguse bila ruhusa? Basi, kila walikochungulia, wavumbuzi wanaume wamejaa kama siafu. Wanawake, mpaka umulike tochi. Nchi tajiri, nchi maskini, kote ni yale yale, zinapishana kidogo tu.

— Na wewe umelichambuaje, mheshimiwa wa nywele? Bibi akamwuliza huku akimimina.

— Ni joto, Bibi. Mimi nashika vichwa, naelewa. Kichwa cha mwanamke kina nywele nyingi. Wazo likiingia linaiva haraka, kabla hajaita mtu, limeshaungua.

— Na chako chenye upara, mbona hakuna wazo lililowahi kupita hata kuomba maji?

Mzee Lindo akacheka mpaka akapaliwa. Huyu alikuwa mlinzi serikalini mpaka alipostaafu, na hata leo hukaa upande mmoja wa benchi, mgongo wima, kama bado kuna mlango nyuma yake.

Fundi Cheche alikohoa.

— Mimi nasema wanavumbua, alisema, macho kwenye kikombe. Tatizo wanavumbua vitu visivyo na msumari. Kitu kisicho na msumari ofisi haikioni. Unapeleka namna ya kumlaza mtoto, namna ya kutunza maji, karani atagonga wapi muhuri?

— Mkufu una msumari? Bibi akauliza.

— Una... una mshono wa lehemu.

— Alaa.

Mkaa ukapasuka. Mzee Lindo akaweka kikombe chini taratibu.

— Nyie mnabuni, alisema. Mimi nimeona. Mnajua nililinda wapi? Hiyo hiyo ofisi ya uvumbuzi. Mlango wa ukumbini ulikuwa wangu.

— Tuambie basi, kaka mkubwa.

— Wanawake walikuwa wanakuja. Asikudanganye mtu, walikuja wengi! Huyu kafunga kitu kwenye kitambaa, yule kakipakata kama kichanga aliyezaliwa jana. Kila mmoja kasindikizwa na mume, au kaka, au fundi. Wakifika mlangoni karani anasema, aingie mmoja. Sasa yule mwanamke anamkabidhi mwenzake kile kitu, anasema, ingia wewe mwenye maneno. Yeye anakaa pale nje ukumbini, kwenye benchi, kusubiri.

— Hilo si ajabu, Kinyozi akasema. Hata mimi mke wangu hunisubiri nje.

— Anakusubiri akitumaini hutatoka, Bibi akamjibu, lakini bila ladha yake ya siku zote.

— Ajabu ni wakati wa kuondoka, Mzee Lindo akaendelea. Mwanamume anatoka anacheka. Mwanamke anainuka, anapiga hatua, anasimama. Anajipapasa, kama mtu aliyeacha mkoba. Anarudi, anainama, anachungulia chini ya pale alipokaa. Wote, nasema! Wa leo, wa kesho, hawajuani. Nikimwuliza, mama, umeangusha nini, ananitazama tu. "Sijui, baba. Nilidhani kuna kitu."

— Walikuwa wanatafuta nini?

— Hawakujua. Hapo ndipo palinitisha.

Mkono wa Bibi Birika ulibaki hewani na kikombe. Pini ya kilemba. Siku ile alipokwenda ofisini na Fundi Cheche, alisema kwamba ameangusha pini ya kilemba. Aliinama, akapapasa sakafu, na huku anapapasa pini ilikuwa kichwani kwake, inamchoma. Alikuwa amelipakata birika na mkufu wake wa kwanza, kahawa ya moto ndani ili wakubwa waonje waamini. Karani akasema aingie mmoja, naye akamsukuma Fundi Cheche na birika: ingia wewe, mimi nitaongea vibaya tufukuzwe. Akakaa.

— Siku moja ukumbi ukiwa tupu, Mzee Lindo alikuwa anasema, niliinama na mimi nichungulie. Hakuna kitu. Lakini palikuwa na baridi. Jua linachoma bati, mimi jasho linanitiririka, na pale chini ya benchi ni kama umeingiza mkono mtungini. Halafu nikasikia.

— Ukasikia nini, jamani?

— Wanawake. Wengi. Kwa sauti ya chini. Kila mmoja anasema neno moja tu, lake, anarudia, anarudia, kama mtu anayeogopa asije akalisahau.

Kinyozi alikuwa amesogea mpaka ukingoni.

— Na hilo benchi sasa liko wapi?

Mzee Lindo akakuna shingo.

— Walipoletewa viti vya kuzunguka, waliniambia nikalitupe. Sasa wewe mwenyewe, mbao nzuri namna hii, ungezitupa?

Fundi Cheche alitazama chini, katikati ya magoti yake. Kinyozi akanyanyua miguu yote miwili, akabaki hivyo kama kuku wa mvuani.

— Upuuzi, Fundi Cheche akasema. Tumekaa hapa miaka, limetufanya nini?

— Taja jina lako, Mzee Lindo akamwambia.

Fundi akayataja yote matatu, mpaka la babu yake, bila kujikwaa. Kinyozi naye akataja yake, akaongeza la nne ambalo hakuna aliyeliomba.

— Mmeona? Nyie haliwataki.

Ndipo alipofika binti wa ofisini, mkoba begani, viatu vya vumbi, adabu tele.

— Shikamooni wazee. Shikamoo bibi.

— Marahaba mwanangu.

— Nimetumwa kuhusu mkufu wa birika. Naomba kuuliza tu, ule wa kwanza kabisa alitengeneza nani?

Kidole cha Kinyozi kilishanyooka kumwelekea Fundi, kwa mazoea. Bibi Birika akasimama.

— Shusha hicho kidole kabla sijakipikia kahawa. Ni mimi. Kopo la mafuta ya kula nililikata kwa kisu cha jikoni, hili kovu hapa ndilo ushahidi. Majivu niliyachekecha kwa kitambaa, maana yenye chenga hayashiki joto. Tundu la juu lilitangulia, halikuvuma. Nilipotoboa la chini ndipo likaita. Huyu alilehemu. Mwulize, akibisha leo nitammwagia.

Binti akamgeukia Fundi Cheche. Fundi alikuwa amekuwa mdogo ghafla, mabega yameingia shingoni.

— Ni kweli, alisema. Ni wake. Karani aliniuliza nani kavumbua, nikasema bibi wa kahawa. Akasema hilo si jina. Nikalitafuta. Wallahi nilikuwa nalijua asubuhi ile! Tulikwenda njia nzima namwita kwa jina hilo. Pale dirishani kwa karani likawa limetoka kichwani, foleni inanisukuma mgongoni. Nikaandika langu.

— Haidhuru, binti akasema, na uso wake ulifurahi kweli. Basi leo tunasahihisha. Mnajua ni mara chache sana napata kuandika mvumbuzi mwanamke? Bibi, niambie jina lako.

Bibi Birika akafungua mdomo.

Ule mdomo uliofukuza askari wa jiji, uliowanyamazisha wakwe na wadai, ulifunguka na hakikutoka kitu. Akaufunga. Akaanza upya. Akamtafuta marehemu mumewe: mama watoto. Akawatafuta wanawe: mama. Wajukuu: bibi. Mtaa: Birika. Akarudi nyuma zaidi, mpaka uani kwao, mama yake kasimama mlangoni, mkono umekinga jua, anamwita aje ndani. Aliuona mdomo wa mama yake ukicheza. Sauti haikuwamo.

— Kitambulisho! Kinyozi akakumbuka.

— Kiliungua na kibanda cha zamani, alisema polepole. Nyie. Mmekunywa kahawa yangu miaka yote hii. Nani analijua?

Mzee Lindo alitazama barabara. Fundi Cheche alikuwa analia bila sauti, na Bibi hakuwa na nafasi ya kumhurumia.

— Nikibaki bila jina, mkufu unakuwa wa nani?

— Unabaki kwake, bibi, binti akasema kwa huruma. Kiwanda kinasaini kesho. Lakini usijali, litakuja. Mambo haya ukiyakimbiza yanakimbia. Nitasubiri hapa hapa.

Kinyozi alikuwa amekwisha inuka, na nafasi yake ilikuwa wazi. Bibi Birika aliona mkoba ukiwekwa, akaona sketi ikikunjwa vizuri ili isichafuke.

— Mwanangu, hapo usi—

Binti alikwisha kaa.

Wakangoja. Bibi akageuza birika ammiminie mgeni, yakatoka mashapo. Kahawa ilikuwa imekwisha. Mkaa nao ulikuwa umegeuka majivu na hakuna aliyeona ulipozimika. Binti alishika kalamu, akaitazama, akajipapasa mfukoni. Kisha akainama, akachungulia chini ya benchi.

— Umeangusha kitu? Bibi akamwuliza.

— Hapana, bibi. Nilidhani... hapana.

Bibi Birika alipiga magoti mbele yake, mifupa ikalia, akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa ya baridi.

— Mwanangu, na wewe unaitwa nani?

Binti akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa kitu chepesi, akafungua mdomo ajibu. Mdomo ukabaki wazi.

Na pale kwenye jiko lililozimika, kwenye shingo ya birika tupu, mkufu ukaanza kuvuma.