Mwalimu Keziah Makena na Uyoga Mwekundu wa Nyambene

Ndugu waombolezaji, walimu, majirani wa Lodwar na wageni wetu mliotoka Kakuma, ejok, yaani hamjambo kwa Kiturkana. Familia imechoka, sauti yenyewe mnaisikia, lakini marehemu hakupenda jambo liachwe nusu.

Mwalimu Keziah Makena alizaliwa tarehe 3 Machi 1963 huko Maua, chini ya milima ya Nyambene, akiwa kitindamimba, akasoma huko huko, akahitimu ualimu wa biolojia mwaka 1986 na kupangiwa Lodwar, mahali ambapo, kwa maneno yake, jasho hukauka kabla halijatoka, akaomba uhamisho mpaka akachoka kuomba.

Tarehe 10 Agosti 1991 alifunga ndoa na Bwana Mutua, muuza vifaa vya ujenzi hapa mjini, wakajaliwa binti mmoja, Akuwam, aliyepewa jina hilo la Kiturkana, lenye maana ya upepo, na majirani kwa kuwa alizaliwa siku ya upepo mkali, na tangu 2004 Mwalimu alifundisha katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Lakini aliyemjua Makena alijua uyoga. Kila likizo ya Aprili alipanda Nyambene kutafuta uyoga wa nta, ule mdogo unaong'aa kama umepakwa mafuta, mwekundu, wa manjano, hata wa kijani, akiutambua kwa kuugusa, kuunusa na kuulamba ungali mbichi, maana ukikauka rangi hupotea, naye Mutua akimtania kwamba wenzake hurudi na viazi, yeye anarudi na mboga isiyolika. Aprili 2012 aliokota mwekundu asioufahamu, na kwa haraka ya kufungua shule akausafirisha hadi Lodwar kabla ya kuupima, joto letu likaukausha ukawa mweusi, nasi tunajua huku kila kitu hukauka hivyo, kwa hiyo weusi ule haukumwambia lolote. Alitaka kujua jambo moja, kama ukibonyezwa ukiwa mbichi unageuka mweusi, kwani usipogeuka huenda ni wa aina mpya, naye angeuita Akuwam.

Januari 2013 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, na kufikia Mei hakuweza kuinuka, akamtuma mumewe Nyambene autafute uyoga ule na kuubonyeza ungali mbichi, naye Mutua, tuseme ukweli, alikwenda kwa hasira, maana hakutaka kumwacha. Jumamosi tarehe 18 Mei, saa kumi jioni, alipiga simu kutoka mlimani, Mwalimu Apajok, aliyefundisha na marehemu huko Kakuma, akaishika sikioni mwa mgonjwa, Mutua akaubonyeza uyoga, wakangoja, mmoja mvuani, mwingine kitandani, mpaka ukageuka mweusi. Angeweza kumdanganya, na nani hapa angemlaumu, lakini alimwambia. Makena alijibu kwamba basi ni ule wa kawaida, akamwomba arudi upesi.

Aliaga dunia Jumapili asubuhi, mumewe akiwa bado njiani. Mutua alipofika, kitu cha kwanza alichouliza ni kama ukweli wake ndio uliomuua, na Apajok akamwambia kwamba baada ya simu ile mkewe alicheka, akasema huyo ndiye mwanamume aliyemwoa, akaomba uji, chakula cha kwanza kwa siku kadhaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, na walimu wa Kakuma mliokesha nasi.

Mwalimu, jibu umelipata. Pumzika sasa, mama, kwa amani.