Ng'ombe wa Kampire: Maisha ya Papa Augustin Kanyamibwa wa Mushaki (1946–2025)

Papa Augustin Kanyamibwa alizaliwa Mushaki, katika eneo la Masisi, tarehe 3 Machi 1946, mtoto wa tatu wa familia ya wafugaji. Alibatizwa mwaka huohuo. Mama yake alizoea kusema kwamba siku aliyozaliwa ng'ombe wawili walizaa pia, na kwamba watu waliokuja kumpongeza walipita kwanza kuwaona ndama.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1954, akafika darasa la tano. Baba yake alipougua, Augustin aliitwa nyumbani kushika kundi. Hakulalamika, lakini hakuacha kusoma. Kila Jumapili alisoma masomo kanisani kwa sauti ya taratibu, na neno lililomshinda alilirudia mpaka likakubali.

Kazi yake ilikuwa ng'ombe. Kwa zaidi ya miaka hamsini alikamua alfajiri, akapeleka maziwa kwa watengenezaji wa jibini na kwa wanunuzi wa barabara ya Sake. Kila ng'ombe alikuwa na jina, na kila mmoja aliitika. Mtu hakunywa maziwa ya Kanyamibwa akiwa amesimama. Siku moja padiri mgeni alipokea kikombe akiwa bado mlangoni, na pikipiki yake inanguruma nje.

“Ikala chini, mon père,” Papa alimwambia. “Ngombe ilisimama ili weye unywe. Sasa weye ikala.”

Padiri akazima pikipiki, akaketi. Tangu siku hiyo, kila alipopita Mushaki, aliomba kwanza kiti.

Tarehe 22 Agosti 1970 alifunga ndoa na Mama Sidonie Mukandori, aliyeishi naye mpaka Mungu alipomwita mama huyo mwaka 2016. Walijaliwa watoto wawili wa kiume, Benoît na Thierry. Mwaka 1999 Thierry alimwoa Kampire. Thierry alifariki kwa ugonjwa mwaka 2008, akimwacha Kampire na binti mmoja, Uwitonze, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Kampire hakurudi kwao. Alibaki kwa baba mkwe wake.

Hapa inafaa kueleza desturi ya nyumba ya Kanyamibwa, kwa sababu bila hiyo ugonjwa wake hauwezi kueleweka. Katika nyumba hii mkaza mwana hali chakula mbele ya baba mkwe, wala baba mkwe hali mbele yake, na mkaza mwana hamgusi baba mkwe wala hatamki jina lake. Hali hiyo huendelea mpaka baba mkwe ampe ng'ombe mbele ya mashahidi. Akishampa, amekuwa binti. Wanaweza kula pamoja na jina linafunguliwa. Papa alikuwa amekusudia kumpa Kampire tangu siku ya harusi, lakini alitaka kumpa mtamba mzuri kuliko wote. Kila mwaka alisema, “Tungoje hii izae jike.” Hatimaye alizaliwa Bihogo, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea, na Papa akasema huyu ndiye. Kabla ya siku ya kumkabidhi, Februari 2023, vita vilifika Mushaki. Kundi lilitawanyika mlimani. Papa na Kampire walikimbia kwa miguu na kufika kambi ya Kashuga, ambako walipewa kibanda cha turubai chenye chumba kimoja.

Hata humo desturi iliheshimiwa. Kampire aliweka sahani, akatoka, akangoja nje hata mvua iliponyesha. Jirani yao, mzee Bisengimana, alikuja kula na Papa ili asile peke yake. Januari 2025 presha ilimwangusha. Upande wa kulia ulilegea, mkono haukushika tena kijiko. Bisengimana ndiye aliyemlisha na kumwosha. Mwezi wa Aprili familia ya Bisengimana iliondoka kuelekea Walikale, na mzee akaondoka nao.

Benoît, ambaye anafanya biashara ndogo Ntoto, alianza safari ya kuja kumtunza baba yake. Njia ilifungwa, akarudishwa. Alijaribu tena, akarudishwa tena. Uwitonze alikuwa Goma na diplome yake ya afya, na njia ya huko pia ilikuwa imefungwa. Alipiga simu kila alipopata mtandao, akaeleza namna ya kumlisha mgonjwa aliyepooza. Kampire alisikiliza yote, kisha akajibu, “Nimesikia, mwanangu. Lakini mukono wa kufanya hiyo yote hauko.”

Wanawake majirani walijaribu. Papa alikunywa kidogo kutoka kwao, kwa adabu, kisha akafunga mdomo. Alikuja pia mhudumu mmoja wa afya wa kambini, kijana mwenye moyo mwema. Alimwinua Papa, akamwekea kijiko midomoni.

“Fungula kinywa, Papa. Kama mutoto muzuri. Aaa!”

Papa akageuza uso kwenye turubai.

“Muzee huyu iko na kichwa nguvu!” mhudumu akasema, akamwita Kampire aliyekuwa nje. “Mama, si weye njo uko naye kila siku? Kuya umulishe.”

“Mbele yake siwezi.”

“Siwezi ya nini? Tuko mu kambi, na munafwata mambo ya zamani?”

Kampire alisimama mlangoni na bakuli mkononi, hawezi kuingia, hawezi kuondoka. Uji ukapoa.

Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Aliyekuja alikuja kusaidia. Lakini mzee haulizwi tu kama ana njaa. Anapaswa kuulizwa pia anakula mbele ya nani, na nani amguse, na aitwe vipi. Papa alikuwa amepoteza nyumba, malisho na mkono wake wa kulia. Kitu alichobaki nacho ni adabu yake, nacho tulimtaka akiache ili apate uji. Sisi wenyewe hatukujua la kufanya.

Jumapili tarehe 1 Juni 2025, baada ya ibada, Papa aliomba majirani waingie na Benoît apigiwe simu, sauti iwe juu ili wote wasikie. Alisema kwa shida, “Namupa Kampire Bihogo.”

“Papa, ngombe gani?” Benoît aliuliza kutoka Ntoto. “Hatuna ngombe.”

“Nyamaza. Bihogo iko.”

“Iko wapi?”

“Iko penye iko. Weye ni shahidi ao hapana?”

Benoît akajibu, “Niko shahidi, Papa.”

Watu wakapiga makofi, kama desturi inavyotaka. Jirani mmoja akasema, “Basi mama Kampire, maziwa utatupatia lini?” Naye Kampire, huku anafuta machozi, akajibu, “Mungoje irudi kwanza.” Papa akacheka. Kisha akasema, “Kampire, leta uji.”

Kampire akaketi mbele yake, akamlisha. Siku hiyohiyo akamwosha. Lakini Papa alikula vijiko vichache tu. Mwili ulikuwa umeshachoka kungoja, na siku zilizofuata hata maji yalimshinda. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni, mchana, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa Kampire. Kesho yake njia ilifunguka. Benoît na Uwitonze walifika kumzika. Kumpeleka Mushaki, alikotaka kulala karibu na Mama Sidonie, hatukuweza.

Papa Augustin Kanyamibwa ameacha mwana mmoja, Benoît. Binti mmoja, Kampire. Na mjukuu mmoja, Uwitonze. Ameacha pia ng'ombe mmoja, Bihogo, mali ya Kampire, ambaye hatujui yuko kilima gani.

Neno la mwisho si la msomaji. Kampire ameomba kulisema mwenyewe, kwa kuwa sasa jina limefunguliwa kwake:

Kanyamibwa, lala kwa amani.