Vernon Kostal na Maili Arobaini na Moja za Barabara Namba 214

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Vernon Kostal anatukabidhi sisi wenzake wa idara ya barabara funguo za lori lake, baada ya miaka thelathini na mitano kazini. Barabara ya Jimbo Namba 214, kutoka Orlin hadi Dunmore, anaijua kuliko walioichora kwenye ramani.

Alianza mwaka ambao kipande cha mwisho cha changarawe, kule kwenye mashamba ya mahindi ya akina Hruby, kilitiwa lami. Wakulima walinung'unika kwamba sasa magari yatakimbia na kumaliza kuku wao. Vernon aliwajibu kuwa kuku wa Orlin hawajawahi kuwa na haraka ya kwenda popote. Majira ya baridi alisukuma theluji, na mara mbili alitangulia mbele ya gari la mama mwenye uchungu wa kuzaa hadi hospitalini.

Kisha ikaja Machi ile ya mafuriko. Mabamba ya barafu yalikuwa yakiligonga daraja la Mto Willow. Vernon na Darlene Pruitt, aliyefanya kazi naye miaka kumi na minane, walikwenda kuifunga barabara. Ilibidi mmoja avuke azuie magari ya ng'ambo. Vernon akamwambia Darlene aende.

"Haya, bwana mkubwa," Darlene akacheka, "lakini kahawa naondoka nayo."

Darlene alikuwa katikati ya daraja lilipokatika, akachukuliwa na mto.

Vernon aliita msaada redioni, kisha akasimama pale kwa muda wa saa sita akirudisha magari, mpaka tulipomfuata.

Siku ya tisa baada ya msiba, Lyle, mume wa Darlene, alimkuta karakanani ameketi peke yake.

"Vern, Darlene hakuwa mtu wa kutumwa. Asingetaka, asingekwenda."

"Nilimwambia mimi, Lyle."

Lyle alimshika mkono, akaenda naye kwake kula.

Wakubwa wa idara walitaka daraja jipya liinuliwe futi nne tu juu ya lile la zamani. Vernon alidai tisa. Kwa miaka minne aliandika barua, na mkutanoni aliwauliza, "Siku ile ninyi mlikuwa wapi?" Wakakubali.

Masika iliyopita mto ulifurika tena. Basi la shule lilipita salama juu ya daraja jipya, watoto wakimpungia. Vernon aliinua mkono, kisha akatugeuzia mgongo akifuta macho, nasi tukajifanya hatuoni.

Asante, Vernon. Barabara tuachie sisi. Tunakuombea uzee mwema, na mvua ikinyesha usiku, ulale.